Tunasubiri Tangazo Liishe

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, rasharasha zile zisizo na haraka ya kwenda popote, na bado Bwana Masoko alisimama katikati ya chumba cha waamuzi akatangaza, bila hata kupepesa macho, kwamba leo kutakuwa na mapumziko ya maji.

"Ya nini?" aliuliza Mama Breki. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, akadhani masikio yamemdanganya.

"Ya maji, dada. Katikati ya kila kipindi. Wachezaji wanywe kidogo, wapoe."

"Wapoe?" Alinyoosha kidole dirishani. Huko nje wafanyakazi wa uwanja walikuwa wanasukuma madimbwi kwa mafagio, wamevaa makoti na kofia za sufu. "Hao wakipoa zaidi ya hapo si tutawazika, bwana?"

Kibendera, msaidizi wake wa pembeni na rafiki yake wa miaka mingi, alicheka hadi akakohoa. Bwana Masoko hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuuza matangazo ya ligi, na mtu wa kazi hiyo hutabasamu kutwa nzima, lakini kucheka ni habari nyingine.

Sasa tuseme ukweli. Mapumziko ya maji si kitu kibaya. Yaliletwa na madaktari, tena kwa sababu nzito, maana watu walikuwa wanaanguka uwanjani jua likiwa utosini. Mama Breki mwenyewe aliwahi kusimamisha mchezo kwa sababu kipa alikuwa anaona magoli mawili. Kanuni ya ligi iliandikwa vizuri kabisa: siku ya joto, refa ataruhusu watu wanywe, dakika zisizidi tatu. Halafu watu wa televisheni wakagundua kwamba katika dakika hizo tatu mtazamaji haendi popote. Anakaa pale pale, anakodoa macho, anangoja. Weee! Dakika zikauzwa. Na kitu kikishauzwa, nani tena ataenda kuuliza kama jua limetoka au halikutoka?

"Na huyu ni mwenzenu," alisema Bwana Masoko, akamvuta mbele mwanamume mnene aliyevaa kitambaa cha kijani kikali mkono mzima, kuanzia kiganjani hadi begani, na kidude cha kusikilizia sikioni. "Atasimama pale mstari wa kati. Mkono wake ukiwa juu, tangazo liko hewani. Ukishuka, mchezo unaendelea."

"Anayeanzisha mchezo ni refa," alisema Mama Breki.

"Bila shaka, dada yangu. Refa anaanzisha, mkono ukishuka."

Yule mwenye kitambaa aliangalia chini. Alionekana mtu wa watu, mwenye aibu ya kuwa pale alipo. Tangu saa ile kila mtu akamwita Kitambaa, na yeye akaitika.

Mama Breki jina hilo alilipata kwenye kazi yake ya kila siku. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki ya pili chini ya miguu yake, na hakuna mwanafunzi aliyemaliza wiki bila kuota usiku anasikia ile sauti: "Breki! Nimesema breki, wewe mtu!" Jioni na Jumapili alikuwa na kipenga. Alichezesha kwenye viwanja vya vumbi, vya matope, vya mbuzi kukatiza katikati, mashabiki wakimwimbia nyimbo ambazo mama yake asingependa kuzisikia. Hii nusu fainali ilikuwa mechi yake ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Na kamati ilikwishamnong'oneza: vuka hii salama, fainali ni yako. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchezesha fainali ya ligi ile. Aliitaka. Asikudanganye mtu kwamba hakuitaka. Aliitaka kama mtu mwenye njaa anavyotaka chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Nyumbani waliishi wawili, yeye na mama yake, na mama ndiye aliyeitaka zaidi. Mtaa mzima alikuwa ameshautangazia. Bibi yule alikuwa na namna yake ya kuangalia mpira: televisheni anaiziba sauti, redio anaifungulia hadi mwisho. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Wa televisheni anauza. Wa redio anaangalia mpira." Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba redio ilitangulia na picha ikafuata nyuma ikijikokota, kwa hiyo alishangilia bao kabla hajaliona, halafu akalishangilia tena.

Basi mechi ikaanza. Zambarau, timu kubwa, yenye basi lake na daktari wake na mpishi wake, dhidi ya Machungwa, timu ndogo iliyofika hadi pale kwa jeuri tu. Na hao Machungwa walianza kwa kasi ya ajabu. Walikaba, walikimbia, walimfanya kocha wa Zambarau atupe kofia chini mara mbili. Katikati ya kipindi Mama Breki akapuliza kipenga kama alivyoagizwa, na mkono wa kijani ukapanda.

Wachezaji wakaenda pembeni. Wakagawiwa chupa za kampuni ya maji iliyonunua dakika zile, na mtu wa kampuni akawa anazunguka anawanong'oneza, "Lebo mbele, kaka, lebo mbele." Hakuna aliyekunywa. Walizishika tu, kama watu wanaopigwa picha na maiti. Mvua iliwapiga migongoni. Jasho lao likageuka baridi, mvuke uliokuwa unatoka mabegani mwao ukaisha. Dakika tatu zikapita. Mkono bado uko juu.

Nahodha wa Machungwa alimfuata. Alikuwa mtu mzima kwa umri wa wachezaji, ana mvi mbili tatu kidevuni, na alikuwa anajisugua mapaja kwa viganja.

"Refa, samahani. Tunasubiri nini?"

Na Mama Breki, bila kufikiri, akamjibu, "Tunasubiri tangazo liishe."

Maneno yalipotoka aliyasikia. Yeye, mwenye kipenga shingoni, mwenye saa mkononi, amesimama kwenye mvua na watu ishirini na wawili wanaotetemeka, anasubiri tangazo liishe. Lakini alisubiri. Mkono uliposhuka alipuliza, na nahodha alipotimka kuufuata mpira wa kwanza tu, akashika paja nyuma, akaruka kwa mguu mmoja, akakaa chini kwenye matope. Msuli ulikuwa umechanika. Walimtoa kwa machela, amejifunika uso kwa mkono. Alipopitishwa mbele ya refa aliutoa ule mkono akamtazama. Afadhali angemtukana.

Kipindi cha kwanza kilipoisha Mama Breki alikaa kwenye benchi la chumba chao, maji yanamchuruzika, hataki hata taulo.

"Nimemvunja mtu mimi," alisema.

"Hukumvunja wewe," alisema Kibendera. "Mvua imemvunja. Usijitafutie dhambi."

"Nimemsimamisha kwenye baridi mpaka mwili umelala. Kwa ajili ya nini? Eti mtu auze maji! Mvua yote hii, mtu anauza maji!"

"Dada, nisikilize." Kibendera alisogea karibu, akateremsha sauti. "Imebaki nusu moja. Fainali iko hapo, unaigusa. Fumba macho, meza mate, twende nyumbani."

Mlango ukagongwa, ukafunguka kabla ya jibu. Bwana Masoko aliingiza kichwa, tabasamu mahali pake. "Nyie ni majembe! Watu wa kampuni wamefurahi kupita kiasi. Sasa, tumepata na mteja mwingine wa haraka haraka, wa mabati. Mapumziko ya kipindi cha pili yatakuwa dakika tano. Sawa, eh?"

"Kanuni inasema tatu," alisema Mama Breki.

"Kanuni ni mwongozo, dada."

"Na mabati yana kiu?"

Bwana Masoko alimtazama kidogo, na safari hii tabasamu lilichelewa kurudi. "Mkono ukishuka," alisema taratibu, "ndipo unaanzisha. Kabla ya hapo usicheze na riziki yako." Akafunga mlango kwa upole mwingi.

Kosa lake lilikuwa hilo la mwisho. Mama Breki ni mtu wa kuombwa. Ukimwomba, atakuvulia koti lake. Ukimtisha, umekwisha.

Kipindi cha pili mvua ilizidi. Machungwa, bila nahodha wao, walicheza kama watu waliokasirishwa, na mpira ukawa upande mmoja tu wa uwanja. Bado sare, bila bao. Saa ya mapumziko ya maji ilipofika Mama Breki alipuliza. Mpira ulikuwa umetoka nje, wa kurusha ni wa Zambarau. Mkono wa kijani ukapanda. Zambarau wakaenda kwa kocha wao, naye akatoa ubao na kalamu akaanza kuchora mishale, maana dakika tano za kuchora mishale nani angezikataa? Machungwa hawakusimama. Kocha wao aliwafanya waruke palepale, magoti juu, chupa wamezilaza kwenye nyasi. Yule mtu wa lebo alikuwa karibu kulia.

Mama Breki aliangalia saa yake. Aliogopa, na hilo tuliseme wazi. Alimwona mama yake kwenye kiti, redio ubavuni. Aliiona fainali. Halafu akauona tena ule uso kwenye machela.

Kabla dakika tatu hazijatimia alipuliza kipenga kuwaita. "Ndani! Wote ndani ya uwanja!"

Machungwa waliingia mbio. Zambarau waliingia kwa mwendo wa harusi, chupa mikononi, vichwa vimegeukia mstari wa kati. Mkono wa Kitambaa ulikuwa juu. Na hao walishazoeshwa. Msimu mzima walikuwa wanachezea mbele ya kamera, na walijua mkono ukiwa juu hakuna mpira. Kipa wao alikuwa anasukutua, ametupa kichwa nyuma, lebo mbele.

"Refa!" Kitambaa aliita, anakanyaga chini mguu huu na huu. "Refa, bado! Nakuomba, bado!"

Saa ikasema tatu. Mama Breki aliinua mkono wake mwenyewe, mweusi, mtupu, usio na kitambaa, akapuliza kipenga kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Beki wa kushoto wa Zambarau ndiye aliyeshika mpira. Alikuwa mgeni kwenye timu, mtiifu, amelelewa vizuri. Kipenga kikilia anafanya alichofundishwa. Akaurusha kwa mwenzake. Mwenzake alikuwa anaangalia mkono wa kijani. Mpira ukampiga kiunoni, ukadondoka, na winga wa Machungwa akauokota kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. Alikimbia. Hakuna aliyemkaba, jamani! Walikuwa wamesimama kama nguzo, wanaonyesha mkono, "Bado! Bado!" Kipa aliteremsha kichwa, mashavu yamejaa maji, akamwona mtu mbele yake. Akatema maji yote, akaruka, chupa ingali kwenye glavu. Mpira ulipita kwapani.

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Mama Breki alielekeza kidole katikati. Bao.

Na nchi nzima, kila aliyekuwa mbele ya televisheni, wakati ule alikuwa anamwangalia msichana anayekimbia jangwani huku akiimba, "Kunywa, kimbia, kunywa tena!" Baada yake yakaja mabati. Picha iliporudi uwanjani watu walikuta Machungwa wamelaliana kwenye bendera ya kona, kocha wa Zambarau kamshika Kitambaa shati, na pembeni ya skrini imeandikwa moja kwa sifuri. Nasikia kuna walioamini televisheni zao zimeharibika.

Mechi iliisha hivyo hivyo, moja kwa sifuri. Askari wakamsindikiza Mama Breki hadi kwenye gari lake la mafunzo, lile lenye maandishi ubavuni ya kuomba madereva wengine wawe na subira.

Nyumbani alifungua mlango akiwa amejiandaa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, redio inaongea yenyewe.

"Hukuniona, mama," alisema Mama Breki. "Walikuwa wanaonyesha matangazo. Pale nilipofanya kweli, hukuniona."

"Nikuone nini? Nilikusikia." Bibi aliigonga redio kwa kiganja, kama mtu anayempongeza mjukuu. "Huyu hapa alisema, 'Mkono uko juu, mkono bado uko juu.' Halafu nikasikia kipenga. Nikasema, huyo ni wangu huyo. Kipenga kile nimekisikia uani kwangu miaka yote hii, kitanipotea? Njoo uvue hizo nguo, utashikwa na homa."

Wiki hiyohiyo aliitwa kwenye kamati. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa ya chai, saa ya ukutani. Mwenyekiti alikuwa mwamuzi mstaafu, mzee mwenye sauti ya kubembeleza. Bwana Masoko aliketi pembeni yake. Kibendera naye aliitwa, akaketi mwisho kabisa, karibu na mlango.

"Hatukukuita kugombana, binti yangu," alianza Mwenyekiti. "Tunatafuta njia ya kutokea. Wateja wamekasirika. Zambarau wamekasirika. Bao limebaki bao, hilo hatuligusi. Lakini lazima pawe na maelezo."

"Na maelezo yapo," alisema Bwana Masoko. "Saa. Saa ni mashine, na mvua ilikuwa kubwa. Kesho unakaa mbele ya kamera nusu dakika tu. Unasema saa yako iliingia maji, ikakimbia, unawaomba radhi watazamaji. Watu wanacheka, yanaisha. Na fainali unachezesha wewe. Tumeshakubaliana."

Wote walimtazama, na wengi wao, niseme haki, walimtazama kwa huruma. Walikuwa wamempa mlango. Neno moja dogo, la uongo mdogo, juu ya kitu kidogo cha mkononi.

Mama Breki alifungua mkanda wa saa yake. Aliinuka, akaenda hadi ukutani, akaiinua kando ya saa ya kamati. Mishale ya sekunde ilikwenda sambamba. Akaiacha hapo, mkono umenyooka, mpaka kila mtu akaona aibu ya kuendelea kutazama.

"Saa yangu ni nzima," alisema. "Ilikuwa nzima siku ile, na leo ni nzima. Mimi sikukosea. Niliyekosea ni mimi wa kipindi cha kwanza, na kwa hilo nimeshakwenda hospitali kumwomba radhi yule nahodha. Kama mnataka nikaseme hilo kwenye kamera, leteni kamera sasa hivi."

"Dada, usiwe mgumu," alisema Bwana Masoko.

"Muulizeni msaidizi wangu. Na yeye alikuwa na saa."

Mwenyekiti aligeuka. Kibendera alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake mapajani.

"Yangu," alisema mwishowe, "iliingia maji. Sikuona kitu."

Hapo ndipo alipoumia. Fainali aliweza kuipoteza, alikuwa ameshajiandaa. Lakini huyu walikimbia naye viwanja vyote vile, walikula kwenye sahani moja, walijificha chini ya kiti kimoja siku mashabiki walipovunja vioo.

Akafungiwa msimu mzima. Fainali akapewa Kibendera.

Kesho yake alirudi kazini, na machozi yakamjia ghafla katikati ya mzunguko wa barabara, mwanafunzi ameshika usukani kwa mikono yote miwili, kwapa zimeloa.

"Mwalimu, nisimame?" aliuliza mwanafunzi kwa woga.

"Nani kakwambia usimame? Endesha!" Akajifuta kwa mkono wa shati. "Na uangalie mbele, usiniangalie mimi."

Kwa mama yake alisema yote, bila kuficha. Kwamba angeweza kuchezesha. Kwamba mtaa ungemwona. Kwamba ilitakiwa aseme uongo wa nusu dakika. Alisubiri lawama.

"Kwa hiyo mara yako ya kwanza kusema kwenye hilo sanduku ungekuwa unadanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi lisikuonyeshe." Akapandisha shuka magotini. "Wakiniuliza mtaani nitawaambia mwanangu amefungiwa. Tena nitalisema kwa sauti."

Na kweli alilisema. Hadi kwa muuza mkaa.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali, jua la haki, la kupasua mawe. Mama Breki alisema hataangalia. Alipanga kuosha gari. Lakini ndoo ilikauka uani na yeye akajikuta ameketi sebuleni kando ya mama yake, televisheni imezibwa sauti, redio inapiga kelele. Machungwa walikuwa wanacheza, nahodha wao kwenye benchi na magongo yake. Kibendera alionekana mdogo kwenye skrini, amenyoosha mgongo kupita kawaida.

"Amekonda," alisema mama.

"Akonde."

Mapumziko ya maji yalipofika, Mama Breki alitikisa kichwa kukubali. "Hapo sawa. Joto hilo, wanywe. Wanywe hata ndoo." Kwenye skrini msichana wa jangwani akaanza kukimbia. Kwenye redio mtangazaji alisema wachezaji wanajimwagia maji vichwani, na mkono wa kijani uko juu.

Aliangalia saa yake. Hakupenda kuiangalia, macho yalikwenda yenyewe. Mama yake alimwona akiangalia, akapunguza sauti ya redio kidogo, kisha akaiongeza tena.

Msichana akamaliza jangwa. Yakaja mabati. Baada ya mabati ikaja rangi ya nyumba.

"Mkono bado uko juu," ilisema redio. "Wachezaji wamesharudi ndani, wamesimama. Mkono bado uko juu, wasikilizaji. Refa anaangalia saa yake."

"Hatapuliza," alisema Mama Breki. Mkono wake ulikuwa kifuani, pale kipenga kinapokaa, na hapakuwa na kipenga. "Ana watoto, ana woga. Namjua. Hatapuliza, mama."

Saa yake ikasema tatu.

Mtangazaji aliacha neno katikati. Halafu kutoka ndani ya kelele za uwanja, mbali, chembamba, kirefu, kikalia kipenga.

"Ameanzisha!" mtangazaji alipiga ukelele. "Mkono uko juu na refa ameanzisha! Na safari hii, wasikilizaji, hakuna anayeangalia mkono, wote wanaukimbilia mpira!"

Kwenye skrini mtu alikuwa anapaka ukuta rangi ya maziwa, anatabasamu. Mama Breki alisimama bila kujua amesimama. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anapiga kofi paja lake.

Mama yake alimtazama kutoka kwenye kiti, kwa jicho la pembeni.

"Huyo si ndiye uliniambia saa yake iliingia maji?"

"Ndiye," alisema Mama Breki. "Imepona, mama."